Shajara ya mradi: uzamili wa usimamizi wa ujenzi, na swali la nani aliyechelewesha kazi

Septemba

Mradi wenyewe ni huu: shahada ya uzamili katika usimamizi wa ujenzi. Mihula miwili ya masomo, kisha tasnifu. Nimeingia nikitokea saiti, ambako bado nafanya kazi sehemu ya wiki, kwa hiyo mambo haya mawili yatakimbizana mwaka mzima. Nitaandika hapa kila hatua inapokamilika na kila inapokwama.

Maombi yamepita. Kilichokula muda kuliko vyote ni maelezo ya nia. Nakala za matokeo na barua za wadhamini ni suala la kufuatilia watu tu. Maelezo ya nia yanataka ukae chini ufikiri. Anayejiandaa kuomba nafasi namshauri asisimulie maisha yake tangu shule ya msingi. Aandike tatizo moja la kazini ambalo hajalipatia jibu. Langu lilikuwa hili: miradi mingi niliyofanya ilichelewa, kila aliyekuwepo alijua imechelewa, lakini ilikuwa vigumu kupata watu wawili wanaokubaliana imecheleweshwa na nini.

Wenzangu wa saiti wameniuliza kwa nini sikuchukua uzamili wa uhandisi. Uhandisi ulinifundisha boriti inabebaje mzigo. Sasa nataka kujua boriti hiyo itamalizika lini, nani anapaswa kuwa ameshatoa mchoro wake, na nani atabeba hasara mchoro usipofika. Hayo ndiyo yanayotugombanisha kila siku, wala hayamo kwenye vitabu vya uimara wa majengo.

Oktoba

Somo la kupanga ratiba limeanza na limenikamata. Wengi wetu tunaijua ratiba kama mistari ya rangi iliyobandikwa ukutani ofisini saiti. Mistari ile imebeba jina la Henry Gantt, Mmarekani aliyeieneza miaka ya 1910, ingawa Karol Adamiecki wa Poland alishabuni mchoro wa aina hiyo mwaka 1896. Upungufu wake ni kwamba unakuonyesha kazi inaanza lini na inaisha lini, lakini haukulazimishi kusema inasubiri kazi ipi. Mwaka 1957 James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand na Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont walianza kuutatua upungufu huo kwa kuzifunga kazi pamoja kwenye mtandao mmoja, kila kazi ikitaja zile zinazoitangulia. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likaunda PERT, mbinu nyingine ya kupanga kazi kwa mtandao, kwa mradi wake wa makombora ya Polaris.

Mwalimu amekataa tuguse programu ya kompyuta kwa wiki za mwanzo. Tunachora mtandao kwa mkono: unakwenda mbele kutafuta tarehe ya mapema kabisa ya kila kazi, kisha unarudi nyuma kutafuta tarehe ya mwisho kabisa ambayo kazi inaweza kuanza bila kuuharibu mradi. Tofauti ya tarehe hizo mbili ndiyo akiba ya muda. Kazi zenye akiba sifuri zikifuatana ndizo njia kuu, na siku moja ikipotea hapo, mradi mzima umepoteza siku moja. Programu hufanya hesabu hiyo kufumba na kufumbua, lakini ukiwa umeifanya kwa mkono unaona mapema mtu anapoziunganisha kazi ovyo ili ratiba ipendeze machoni pa mteja.

Mjadala mkali wa mwezi huu ulikuwa huu: akiba ya muda ni ya nani? Tuseme kazi ya kupiga plasta ina akiba ya wiki mbili. Mteja akichelewa wiki mbili kuchagua milango, mradi hauchelewi, ila akiba imeliwa. Kesho yake mkandarasi akichelewa siku tatu kwenye plasta ileile, siku hizo zote zinaangukia kwake. Ameonewa? Chama cha Sheria za Ujenzi cha Uingereza, katika mwongozo wake wa ucheleweshaji wa 2002 uliorekebishwa 2017, kinashauri kwamba mkataba usiposema vinginevyo, mkandarasi apewe nyongeza ya muda pale tu ucheleweshaji wa mteja unapomaliza akiba na kuvuka. Maana yake akiba ni ya mradi, na anayeiwahi ndiye anayeitumia. Nakubali hoja hiyo kisheria. Kibinadamu inanikera, kwa sababu mara nyingi anayeiwahi ni yule aliye ofisini, na anayekuta chungu kitupu ni yule aliye saiti.

Novemba

Somo la gharama. Kifupi tu: thamani iliyopatikana, yaani kuipima kazi iliyofanyika kwa bei iliyopangiwa. Kama kufikia leo kazi ya thamani ya 100 ilipaswa kuwa imefanyika, imefanyika ya 80, na zimetumika 90, basi kipimo cha ratiba ni 80 kugawa 100, yaani 0.8, na kipimo cha gharama ni 80 kugawa 90, karibu 0.89. Umechelewa, na umetumia kuliko ulichozalisha. Hesabu rahisi, lakini inakata maneno kikaoni.

Ina upofu mmoja ambao kila msimamizi anapaswa kuujua. Mradi unapoisha, hata kama umechelewa mwaka mzima, kazi yote iliyopangwa huwa imefanyika, kwa hiyo kipimo cha ratiba hurudi kuwa 1. Kuelekea mwisho, mradi unaochelewa huanza kuonekana wenye afya. Walt Lipke, mtaalamu wa vipimo vya miradi, alipendekeza mwaka 2003 tupime kwa muda badala ya fedha ili kuondoa tatizo hilo. Nimeandika pembeni ya daftari langu: kipimo kinachotoka kwenye ripoti ya mwezi kinaweza kuficha kilichotokea siku yenyewe.

Desemba

Sheria ya mikataba. Hapa ndipo tasnifu yangu ilipoanza kupata sura, kabla hata sijapewa mwalimu wa kunisimamia.

Tulisoma mkataba wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotoa mikataba ya mfano ya ujenzi: kile kitabu chekundu cha 1999. Kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi anayeona ana haki ya nyongeza ya muda au malipo atoe taarifa kwa mhandisi msimamizi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio linalompa haki hiyo. Asipotoa, muda hauongezwi na malipo ya ziada hayapo. Toleo la 2017 limeweka sharti hilo kwenye kifungu cha 20.2 na kumbana mteja pia kwa madai yake.

Darasa lilijadili kama sharti hilo ni la haki. Mimi nilikwama kwenye maneno "alipopaswa kujua". Nani anajua kwanza kwamba kazi imekwama? Si mkurugenzi wa kampuni, wala si mkadiriaji majenzi, yule mtaalamu wa gharama anayeandaa madai. Ni fomeni, saa mbili asubuhi, anapowatuma mafundi kwenye ghorofa na kuwarudisha kwa sababu kuna kitu hakijaja. Saa ya mkataba inaweza kuanza kuhesabu hapo. Na anachokiandika kwenye daftari la saiti jioni ile, kama anaandika, ndicho kitakachosimama mbele ya msuluhishi miaka miwili baadaye, wakati yeye mwenyewe yuko mradi mwingine.

Hivi ni nani anayemfundisha fomeni jambo hili? Tunamkabidhi daftari na kalamu, tunamwambia aandike idadi ya watu, hali ya hewa na vifaa vilivyoingia. Hatumwambii kwamba sentensi yake moja inaweza kuibeba au kuizamisha kampuni.

Mitihani imeisha. Nimepumua.

Januari

Somo la usalama na usimamizi wa mabadiliko, na mfano ambao sijaacha kuufikiria: hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981 njia mbili za miguu zilizoning'inia juu ya ukumbi wa hoteli hiyo zilianguka zikiwa na watu, na watu 114 walikufa.

Mchoro wa awali ulikuwa na fito ndefu za chuma zinazotoka darini na kupita moja kwa moja kwenye njia ya juu hadi ya chini. Wakati wa kutengeneza, zikagawanywa mara mbili: fito za kwanza kutoka darini hadi njia ya juu, na fito nyingine kutoka njia ya juu kuishikilia ya chini. Kwa macho ni mabadiliko madogo, tena yanarahisisha kazi ya mafundi. Lakini sasa njia ya chini ilikuwa inaning'inia kwenye njia ya juu, na nati zilizoshikilia boriti za juu zikabebeshwa mzigo maradufu. Mabadiliko hayo yaliidhinishwa bila mtu kurudia hesabu ya kiungo kile.

Kwa mhandisi, somo liko kwenye kiungo. Kwa msimamizi wa ujenzi, liko kwenye karatasi: ombi la mabadiliko lilipitia kwa nani, nani alilijibu, na alikuwa na nini mezani alipolijibu. Nilitoka darasani nikiwa na uhakika kwamba nataka kuchunguza karatasi za saiti.

Februari

Nimepata mwalimu wa kunisimamia, profesa mwenye mazoea ya kunyamaza hadi wewe mwenyewe uone shimo kwenye hoja yako. Mada niliyompelekea: sababu za ucheleweshaji katika miradi ya majengo.

"Utazipataje hizo sababu?" akauliza.

Nikamweleza njia iliyozoeleka. Unaandaa dodoso lenye orodha ya sababu, unawapa wahandisi, wakandarasi na wateja, kila mmoja anaipa kila sababu alama 1 hadi 5. Kisha unatafuta kielezo cha umuhimu: jumla ya alama, gawanya kwa alama ya juu kabisa mara idadi ya waliojibu. Sababu yenye kielezo kikubwa inakaa juu ya jedwali.

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Kwa hiyo utajua wanachofikiri."

Sentensi hiyo imebadilisha kazi yote. Tasnifu nyingi nilizozisoma kwenye maktaba zimepita njia hiyo, na majedwali yake yana jambo moja linalojirudia: mkandarasi anaweka juu mteja kuchelewa kulipa, mteja anaweka juu uwezo mdogo wa mkandarasi. Jedwali linapima maoni, na maoni yanafuata kiti alichokalia mtu. Yana thamani yake. Lakini swali langu la Septemba lilikuwa kwamba watu hawakubaliani, na kuwauliza tena watu walewale hakutalijibu.

Mada mpya: kufuata ucheleweshaji mmoja mmoja kutoka daftari la saiti la siku ileile, kupitia mihtasari ya vikao na ripoti ya mwezi, hadi barua ya madai, na kuona sababu inabadilikaje njiani.

Machi

Pendekezo la utafiti limepita. Kibali cha maadili kimesumbua, kwa sababu nyaraka nilizoomba zina majina ya watu na fedha za kampuni. Tumekubaliana na wenye miradi kwamba majina ya watu, kampuni na majengo yote yanafutwa kabla sijaanza kuchambua. Anayetaka kufanya utafiti wa nyaraka aanze mazungumzo hayo mapema sana. Dodoso mtu hulijaza kwa huruma. Daftari la saiti halitoi hadi mwanasheria wake atikise kichwa.

Aprili na Mei

Kukusanya data. Nimesoma madaftari hadi macho yakauma, na sijafurahia kazi ya kitaaluma kiasi hiki.

Niweke hapa mfano mmoja. Daftari lina kurasa zilizokauka saruji kwenye kingo, mwandiko wa kalamu ya risasi. Ukurasa mmoja unasema, kwa maneno machache: nondo za slabu ya ghorofa ya pili zimesukwa zote, fomwaki (mbao za kushikilia zege) tayari, zege halikumwagwa, tunasubiri mchoro wa matundu ya mabomba. Kesho yake: bado tunasubiri mchoro. Inaendelea hivyo kurasa kadhaa, na fomeni anazidi kufupisha, hadi anaandika tu "mchoro". Kisha mchoro unafika. Matundu mawili yanaangukia mahali nondo zimeshasukwa. Zinakatwa, zinaongezwa nyingine za kuzunguka tundu. Asubuhi ya kumwaga zege, mvua inanyesha. Mvua inachukua siku mbili.

Sasa chukua muhtasari wa kikao cha wiki ile: "Zege la ghorofa ya pili limechelewa kutokana na mchoro na mvua." Mchoro na mvua vimepewa uzito sawa. Ripoti ya mwezi: "Hali ya hewa iliathiri kazi za zege." Mchoro umeshatoweka. Na barua ya madai, iliyoandikwa miezi baadaye na mtu ambaye hakuwahi kupanda ghorofa ile, inaomba siku za mvua tu. Mvua haikuwa kali kupita kawaida ya msimu, kwa hiyo ombi limekataliwa. Siku nyingi zilizokuwa na haki kamili, za kusubiri mchoro, hazikuombwa na yeyote, ingawa zote zimo kwenye daftari kwa mwandiko unaosomeka.

Nilipomwonyesha fomeni mmoja mnyororo huo (si yule aliyeandika daftari), aliangalia karatasi zote nne, akasema: "Mhandisi, mimi huandika. Hakuna anayekuja kusoma." Kauli hiyo nimeiweka kwenye sura ya nne kama alivyoisema.

Juni

Uchambuzi. Kila tukio nimelipa alama nne, moja kwa kila karatasi, kuonyesha sababu iliyotajwa. Mwalimu mwingine amerudia sehemu ya kazi hiyo bila kuona alama zangu, ili tuone kama tunasoma kitu kilekile. Tulipotofautiana tumejadiliana na kuandika sababu ya uamuzi.

Kinachojitokeza kinarudi tena na tena: karatasi inavyopanda ngazi, sababu zinapungua, na inayobaki ni ile iliyotokea mwisho. Mambo ya mwanzoni, kama mchoro ambao haujajibiwa, uamuzi wa mteja au kipimo kilichosubiriwa, yanafutika. Yanayobaki ni mvua, upungufu wa mafundi, mashine kuharibika. Kwa maneno mengine lawama inamwangukia aliye mwisho kwenye foleni, na aliye mwisho mara nyingi ni fundi. Nasema hivi kwa uchungu, maana nimekaa kwenye vikao nikisikia mafundi wakiitwa wavivu kwa siku ambazo hawakuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Nimeiunganisha hoja hii na kazi ya Glenn Ballard, aliyeunda mfumo wa kupanga kazi kwa ahadi za wiki na kuuandikia shahada ya uzamivu huko Birmingham mwaka 2000. Yeye na mwenzake Greg Howell waliona kwamba kwenye miradi waliyoipima, kazi zilizoahidiwa kwa wiki na kukamilika zilikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Dawa yao ilikuwa kutoipanga kazi hadi kila inachokisubiri kiwe kimeondolewa njiani: mchoro, vifaa, watu, nafasi, kazi inayotangulia. Na ahadi isipotimia, sababu iandikwe wiki hiyohiyo. Data yangu inaonyesha kinachotokea pale sababu hiyo inapoandikwa lakini haina njia ya kupanda juu ikiwa nzima.

Julai

Rasimu ya sura ya nne imerudi ikiwa na maoni mengi ya wino mwekundu. Kubwa kuliko yote ni la haki kabisa: madaftari nayo yana upande. Fomeni ni mtu wa mkandarasi. Anaweza kuandika "tunasubiri mchoro" siku ambayo mafundi wake hawakutosha. Profesa anataka nionyeshe nilivyolipima hilo. Ninalo jibu kwa sehemu: kwa matukio mengi, rejesta ya maombi ya ufafanuzi, inayotunzwa upande wa mshauri (wasanifu na wahandisi wanaotoa michoro), ina tarehe ya swali na tarehe ya jibu, na tarehe hizo zinaweza kuwekwa kando ya daftari. Pale zinapopishana nitasema zimepishana. Pale ambapo rejesta haipo, tukio linahamia jedwali la pili lenye uzito mdogo. Kazi hiyo itakula wiki kadhaa ambazo sikuzipanga, lakini bila hiyo tasnifu haisimami.

Sura ya tano ina pendekezo moja ambalo tayari linajaribiwa saiti kwangu. Chini ya kila ukurasa wa daftari tumeongeza mstari mmoja: kazi gani leo ilikuwa tayari kuanza ikashindwa, inasubiri nini, tangu tarehe gani. Mkadiriaji majenzi anausoma mstari huo kila Ijumaa na kusaini pembeni, na siku 28 zinahesabiwa kuanzia hapo. Fomeni alilalamika wiki ya kwanza kwamba ni kuongezewa karatasi. Wiki ya tatu alikuja mwenyewe ofisini kuuliza kama barua ya ngazi za ghorofa ya tatu imeshatumwa, maana siku zinakwenda. Ilikuwa haijatumwa. Ilitumwa mchana ule.

Kinachofuata: jedwali la pili, kurekebisha sura ya nne, kisha rasimu nzima kurudi kwa profesa. Tarehe ya utetezi itapangwa akishasaini. Mtandao wangu wa kazi unaonyesha njia kuu inapita kwenye rejesta za mshauri, na rejesta za mradi mmoja bado sijakabidhiwa. Barua ya kuzikumbushia imeondoka leo asubuhi.